Mwendo wa Sifuri

Mwalimu Deodata alikuwa na wanafunzi thelathini na wawili, na aliyekuwa mdogo kuliko wote alikuwa baba wa watoto sita. Walikuwa wakulima wa Mugoma, watu wa darasa la kisomo. Kila alasiri, baada ya shamba la kijiji, waliegemeza majembe ukutani kwa nje, wakaingia na kukalia madawati ya watoto wao, magoti yakigusana na videvu. Kusoma walikwisha kujua. Kuandika majina yao walikwisha kujua pia, na kwa mwezi mzima hapakuwa na mlango wala mgomba kijijini uliosalimika. Sasa, mwanzoni mwa mwaka wa sabini na tisa, vita vikiwa vimepamba moto huko kaskazini, kitabu kiliwafikisha kwenye somo la saa.

"Ukitaka kujua safari imechukua muda gani," Deodata alisema huku akiandika ubaoni, "chukua saa ya kufika, toa saa ya kuondoka."

Aliandika kwa mwandiko mzuri, akapigia mstari kwa rula, akarudi nyumbani ameridhika. Maskini, hakujua amekipa kijiji kiberiti na majira ni ya kiangazi.

Wa kwanza kuwaka alikuwa mzee Matiasi, mtu wa miaka sitini kasoro, mwenye migomba mingi, ambaye l na r kwake zilikuwa mapacha, hazitofautishi hata ukimbembeleza. Nyumba yake ilitazamana na shule. Basi akawa anachungulia dirishani saa ya mezani ya shule, ile yenye kuku mwekundu anayedonoa kila sekunde, halafu anarudi mbio uani kupima safari ya mkewe ya kisimani. "Jana dakika therathini na nane, reo arobaini na tano," alimwambia. "Dakika saba umempa nani?" Mkewe alimjibu kwa kata ya maji, utosini. Siku ile Matiasi alikuja darasani na nundu, akanyoosha mkono kuuliza kama nundu nayo huhesabiwa tangu saa ya kuondoka kata au saa ya kufika.

Alipoishiwa vya kupima, alikwenda ofisi ya kijiji akaomba karatasi za kujifunzia. Katibu, aliyetaka tu kumwondoa mlangoni, alimwonyesha msumari.

Msumari ule ulikuwa na habari yake. Tangu malori yaondoke kwenda vitani, dawa hazikufika tena Mugoma. Mkabala na kijiji, ng'ambo ya mto, upande wa Burundi, kulikuwa na misheni yenye zahanati, na masista wa huko walikubali kuwagawia jirani zao vidonge vya malaria na bandeji. Kila Jumanne mtu mmoja alitumwa na baiskeli ya kijiji. Ili asije akapitia vilabuni, alibeba cheti: Mugoma iliandikwa saa ya kuondoka, misheni iliandikwa saa ya kufika na ya kuondoka, na akirudi Mugoma iliandikwa saa aliyofika. Mgonjwa aliyekwenda kutibiwa naye alipewa cheti cha namna hiyohiyo. Vyeti vyote vilitundikwa kwenye msumari mmoja, na hakuna aliyevisoma, kama ilivyo desturi ya vyeti.

Mwenye kutumwa alikuwa Luhende, mume wa Deodata.

Luhende alikuwa Msukuma wa Shinyanga. Alifika Nyakahura na ng'ombe wa baba yake, akamwona Deodata mnadani ananunua chumvi, akamwachia kaka yake Bulugu ng'ombe wote, akamfuata mwanamke mpaka Mugoma. Ni miaka mitatu sasa. Kila asubuhi aliwasalimu watu "Mwangaluka!" kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe bondeni, na kila asubuhi watu walimwangalia wakapita. Jina lake kijijini lilikuwa "yule Msukuma wa mwalimu", kana kwamba ni mwavuli mwalimu aliousahau mahali.

Matiasi alisoma cheti cha Jumanne iliyopita. Ameondoka Mugoma saa 3.00 asubuhi. Amefika misheni saa 3.00 asubuhi. Akatoa. Akanawa uso, akatoa tena. Akachukua cha Jumanne ya kabla yake, na ya kabla ya hiyo. Jumanne nne, vyeti vinne, jibu moja.

Alasiri ile aliingia darasani bila kuegemeza jembe, akaenda moja kwa moja ubaoni.

"Mwarimu, nisahihishe," alisema. "Tatu kutoa tatu."

"Sifuri," Deodata alisema.

"Basi mumeo anafika misheni kwa sifuri."

Kuku wa saa akasikika anadonoa. Deodata aliviangalia vyeti. Saa za kuondoka alikuwa ameziandika mwenyewe, kwa mkono wake, kwa saa ile ile aliyoirekebisha kila jioni kwa taarifa ya habari ya redio kutoka Dar es Salaam. Saa za kufika zilikuwa na mwandiko mwembamba wa Sista Secilia, mtu asiyejulikana kwa mizaha. Alitafuta kosa juu, akatafuta chini, hakuliona.

"Hesabu ni sahihi," alisema hatimaye, kwa sababu ilikuwa sahihi, na kwa neno hilo alimfunga mumewe kamba.

Kabla ya giza kuingia kijiji kizima kilijua. Luhende anapaa. Wengine walisema ni baiskeli, wengine walisema ni dawa ya kwao Usukumani, wengine walisema walishangaa siku nyingi mbona kandambili zake haziishi. Ungetegemea watu wamfukuze. Ng'o! Mama mmoja alimletea kapu la maharage ampelekee dada yake aliyeolewa mbali huko Nemba, "kwa kuwa kwako ni kufumba na kufumbua tu". Watoto walimkimbilia njiani wakipiga kelele: "Mwangaluka! Mwangaluka!" Na mzee Matiasi, aliyekuwa rika la baba yake, alipokutana naye kwenye kichochoro cha migomba, alimwamkia: "Shikamoo." Kisha akajifanya anakohoa.

Mchezo ungeishia hapo kama isingekuwa Bartholomayo, mwenyekiti wa kijiji. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya mkutano hata akiomba chumvi. Agizo lilikuwa limefika kwamba Mugoma itoe vijana watano wa mgambo waende mstari wa mbele. Wanne walikwisha kupatikana. Wa tano, kila mtu alijua bila kusema, ilikuwa zamu ya nyumba ya mwenyekiti: Pancras, mwanawe wa pekee wa kiume, miaka ishirini na miwili, mpole kama maji ya mtungi. Kwa wiki mbili Bartholomayo alikuwa halali. Aliposikia habari za sifuri, alilala usingizi wa mtoto, na Jumatano asubuhi alitangaza mkutano wa Jumamosi.

"Ndugu zangu," alisema akipita nyumba hadi nyumba, "kwa nini tupeleke mtu wa kutembea, na tunaye mtu wa kufika? Huyu akiondoka baada ya chai, adui atamkuta keshafika. Vita vitakwisha kabla mahindi hayajakomaa."

Na watu waliona ina maana. Hilo ndilo lililomtia Deodata hofu. Alikuwa na mimba ya miezi sita, na mume ambaye, kwa ushahidi wa chaki yake mwenyewe, risasi haziwezi kumkuta.

Jioni ile alimkuta Luhende uani anapangusa spoku za baiskeli, moja moja, kwa kitambaa.

"Kwa nini huwakatalii?" alimuuliza.

"Niwakatalie nini? Hesabu ni yako."

"Luhende, unajua wazi kuwa hupai."

"Najua. Kile kilima cha misheni nakipanda nasukuma baiskeli huku natukana." Alipangusa spoku nyingine. "Lakini mama, leo mzee Matiasi ameniamkia shikamoo. Miaka mitatu hapa hakuna aliyenijibu hata mwangaluka."

"Na wakikupeleka vitani?"

"Nitaenda, nitarudi."

"Kwa muda gani?"

Luhende alirudia spoku aliyokwisha kuipangusa. Deodata alimwonea hasira, akamwonea huruma, akakosa achague ipi, akaenda kukoroga uji.

Alhamisi saa mbili kamili asubuhi alijiandikia cheti mwenyewe. Alisema anakwenda kupimwa mimba, jambo ambalo lilikuwa kweli nusu. Aliifunga saa ya kuku kwa kanga, akaiweka ndani ya kikapu, akashika njia ya mtoni kwa miguu. Kila alipopumzika alifunua kanga na kuitazama. Kwenye daraja la miti ilikuwa saa tatu na robo. Chini ya kilima cha misheni ilikuwa saa nne kasoro dakika kumi. Alipoingia mlango wa zahanati, jasho likimtiririka, kuku alikuwa anadonoa saa nne kamili.

Sista Secilia alichukua cheti, akatazama saa ya ukutani, akaandika: amefika saa 3.00.

"Sista, shikamoo. Saa yenu imelala," Deodata alisema.

"Marahaba. Saa yetu haijawahi kulala tangu baba padri aitundike."

Deodata akafunua kanga. Saa mbili zikatazamana, moja ukutani na moja kikapuni, na kati yao saa nzima isiyo na mwenyewe.

"Ah," Sista alisema, bila kushtuka hata kidogo. "Hiyo ni ya Dar es Salaam. Hii ni ya Bujumbura. Siku zote ninyi mko mbele yetu kwa saa moja. Hukujua?"

"Lakini jua ni hilihili moja! Nimetembea nalo tangu nyumbani!"

"Jua ni moja, mwanangu. Serikali ni mbili."

Deodata alikaa kwenye benchi la wagonjwa, akacheka mpaka mtoto akampiga teke tumboni. Njia nzima ya kurudi alipiga hesabu, na alipofika Mugoma hakwenda nyumbani. Alikwenda ofisini, akaomba kutazama msumari. Alipekua vyeti mpaka akafika chini kabisa, akachomoa kimoja, akakiweka ndani ya kitabu cha kisomo.

Jumamosi watu walijaa uwanja wa ofisi. Bartholomayo alipiga "Kidumu chama!", wakaitika, akaeleza mambo ya ulinzi wa taifa kwa kirefu, akafikia jina la Luhende. Luhende alikaa mbele, amevaa shati lake la harusi. Deodata alisimama.

"Ndugu mwenyekiti, kabla hatujanyoosha mikono, naomba niwape wanafunzi wangu jaribio."

Nani angekataa? Ubao ukatolewa nje, ukaegemezwa kwenye mlingoti wa bendera, na Matiasi akawa mbele na chaki kabla hajaitwa.

"Msafiri wa kwanza ni mimi," Deodata alisema. "Kwa miguu. Nimeondoka saa mbili, nimefika misheni saa tatu."

"Saa moja," Matiasi alisema, kisha akamtazama tumbo. "Saa moja, mwarimu? Na mzigo huo?"

"Mke wa mwenye nguvu huambukizwa," mtu mmoja alieleza kutoka nyuma, na wengi wakakubali.

"Msafiri wa pili ni Luhende akirudi. Ameondoka misheni saa nne, amefika hapa saa sita."

"Saa mbiri. Kurudi anakuwa amechoka."

"Msafiri wa tatu," Deodata alisema, akafungua kitabu taratibu, "simtaji jina. Mwezi wa kumi na moja. Ameondoka Mugoma saa mbili asubuhi kwa baiskeli, amefika misheni saa mbili asubuhi."

"Sifuri!" Matiasi alipiga kelele, na safari hii neno halikuwa na l ya kumponza. "Yuko mwingine! Ni nani?"

"Cheti kinasema alikwenda kung'olewa jino."

Macho yote yakahamia kwenye shavu la kushoto la mwenyekiti. Hakuna aliyekuwa ameisahau siku ile. Mwenyekiti alitoka kijijini amekaa juu ya baiskeli, kichwa kimefungwa kanga ya mkewe, analia kama ndama, na Pancras anamsukuma kutoka nyuma.

"Basi, ndugu wanakijiji," Deodata alisema kwa unyenyekevu mwingi, "wa kufika kwa sifuri tunao wawili. Na huyu wa pili ana uzoefu wa uongozi."

"Ngoja kwanza!" Bartholomayo aliruka. "Ngoja! Mimi siku ile nilihesabu kila jiwe la njia ile! Ilikuwa saa nzima, saa nzima ya mateso! Saa yao ni mbovu!"

"Si mbovu, ndugu mwenyekiti. Ni ya Bujumbura." Akaitoa saa ya kuku, akaiweka mezani, akawaeleza yote: kikapu, kanga, ukuta wa misheni. "Ukienda, wanakukopesha saa moja. Ukirudi, wanaichukua. Kwa hiyo kwenda ni sifuri na kurudi ni mbili. Jumlisha, gawa kwa safari mbili."

"Saa moja," Matiasi alinong'ona. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa. "Kira upande saa moja tu. Kama mtu yeyote."

Watu wakaanza kubishana, maana si jambo dogo kuambiwa kwamba ukivuka daraja la miti saa inakuwa nyingine. Bartholomayo, ambaye sasa alikuwa muumini mkubwa wa saa ya Bujumbura kuliko Bujumbura yenyewe, alimwita Havyarimana. Huyu alikuwa mkimbizi wa kutoka Burundi, mwanafunzi wa dawati la mwisho, mtu wa maneno matatu kwa juma.

"Ni kweli," Havyarimana alisema. "Mwaka wa sabini na mbili nilipovuka nilikuwa na saa mkononi. Niliisogeza mbele saa moja palepale kando ya mto."

"Miaka saba unajua! Mbona hukusema?" Bartholomayo alifoka.

"Hakuna aliyeniuliza. Na mgeni hamsahihishi mwenye nyumba saa."

Watu walicheka, lakini si wote. Luhende hakucheka. Na kicheko kilipopungua, jina la tano lilikuwa bado halijaandikwa, na Bartholomayo alikuwa anatazama vidole vyake kana kwamba ndiyo anaviona leo.

Pancras alisimama bila kuitwa. "Baba, niandike," alisema.

Mwenyekiti alichukua kalamu, akaiweka chini, akaichukua tena. Katibu ndiye aliyeandika. Nisikuweke roho juu: Pancras alirudi mzima, majira ya kiangazi kilichofuata, amekonda, na baba yake alimpokea kwa ngoma ya siku mbili. Lakini Jumamosi ile hakuna aliyelijua hilo, na Deodata, ambaye ushindi wote ulikuwa wake, alishindwa kumtazama mama wa kijana usoni. Mchana kutwa alijiambia kwamba yeye alitafuta ukweli tu. Ulikuwa ni ukweli, na bado ulimuuma.

Jumapili Luhende alimpakia Pancras nyuma ya baiskeli, akampeleka boma la Ngara alikosubiriwa na lori. Aliporudi, alipita kijiji kizima akisema "Mwangaluka". Watoto walikuwa wanacheza mpira wa matambara, hawakugeuka. Mama yule wa maharage alikuja kulichukua kapu lake. Matiasi alimkuta kwenye kichochoro kilekile cha migomba, akamwitikia kwa kichwa tu, kama mtu anayempisha mbuzi.

Luhende aliegemeza baiskeli, akakaa kizingitini. Deodata alimletea maji, akakaa naye.

"Umefanya vizuri," Luhende alisema. "Nisingependa kuzaliwa kwa mtoto nisikie kwa barua." Akanywa. "Ila, mama Shibuda wa kesho..." Jina la mtoto alikuwa amelichagua tangu mwezi wa pili wa mimba, bila kumuuliza mtu. "Ila ungeniachia hata nusu saa."

Deodata alidhani anatania, akageuka acheke, akaona hatanii.

Jumanne asubuhi Luhende alisimama mbele ya meza ya mwalimu na baiskeli ya kijiji mkononi, sanduku tupu nyuma. Kuku mwekundu alikuwa anadonoa saa tatu kamili. Matiasi, ambaye huzuni haikumzuia kufika, alikuwa dirishani kwa nje, macho kwenye miguu ya Luhende, si kwenye saa.

Deodata aliinama juu ya cheti. Hakuwahi kumwandikia mtu jibu lisilo lake, hata mkaguzi alipokuwa njiani. Aliandika polepole, kwa mwandiko wake mzuri: ameondoka saa 3.30. Akaikunja karatasi mara mbili, akampa mumewe bila kumtazama.

Alasiri Matiasi alikichukua cheti ofisini kabla hakijafika msumarini. Alikitazama sana. Midomo yake ilicheza: akaiongeza saa ya Bujumbura kwenye saa 3.00 ya misheni, kama alivyofundishwa, akatoa, akanawa uso, akatoa tena. Halafu akatoka mbio kuelekea darasani kwa mwalimu, karatasi juu.

"Mwarimu, hapai," alisema, akihema. "Hapai, nakubari. Rakini ni nusu saa! Kirima kire, nusu saa! Huyu mtu ana miguu gani?"

"Hesabu umeipiga vizuri?" Deodata aliuliza.

"Nimepiga mara mbiri."

"Basi mwenyewe huyo hapo nje. Muulize."

Alimsikia Matiasi akitoka nje. Alisikia baiskeli ikiegemezwa. Kisha akasikia ile sauti nzee, ya mtu anayejaribu neno geni kwa mara ya kwanza na kuogopa kulivunja: "Mwangaruka, mwanangu."

Deodata akachukua kitambaa, akafuta ubao.